Safu ya Sita

Fomu ya robo mwaka ina safu tano:
Jina. Umri. Siku alizohudhuria. Amehitimu. Ameacha.
Mwaka wa kumi na moja huu naijaza,
kalamu ya bluu kwa aliyekuja,
nyekundu kwa asiyeonekana,
na daftari la kituo cha Mkanyageni
likatapakaa wekundu kama mwili wenye surua.

Nikapanda pikipiki toka Tanga mjini.
Jumanne, saa kumi kamili,
barua ya kukifunga kituo imekunjwa mfukoni.
Darasani: madawati ya watoto wa darasa la pili,
chaki moja, fupi kama gego,
na mwezeshaji, Sabina Shekilindi, peke yake,
anafuta ubao usioandikwa kitu.

Wako wapi wanakisomo?
Akaninyooshea kidole dirishani.
Malori. Machungwa. Muheza yote iko barabarani,
inahesabu, inabishana, inapakia.
"Nani alipanga kisomo siku ya gulio?"

Mimi.
Nilipanga kwa rula, chini ya feni,
kwa kuwa Jumanne yangu ilikuwa tupu.

"Sasa kaa hapo," akasema.
Nikakaa. Magoti yakagota chini ya dawati,
kiuno kikaniuliza umri wangu.
Hapo ndipo Mzee Singano, miaka sitini na tatu,
alikaa saa mbili kila kipindi,
mpaka alipoanza kuleta udhuru wa mbuzi,
udhuru wa mvua,
udhuru wa udhuru.

Posho ya Sabina ilikuwa imelala kwangu miezi mitano.
Hakuitaja.
Heri angenitukana.

Tukavunja ratiba. Barua nikaipasua
(vipande viliwashia jiko la chai, havikupotea bure).
Alhamisi, baada ya Isha, uani kwa mama Mhina,
kila mtu na mkeka wake,
taa ya jua imetundikwa kwenye kamba ya nguo.
Hatukuanza na a, e, i, o, u.
Tulianza na MIA. Kisha ELFU.
Kisha maneno mawili yaliyowala wengi:
SAINI HAPA.

Bi Kibibi Ngoda alikuja mara kumi na nne.
Ya kumi na tano, mkeka wake haukuonekana.
Ya kumi na sita vilevile.
Nikafunua kalamu nyekundu.

"Subiri," akasema Sabina. "Hujasikia?"
Dalali alikuja shambani kwake na kijitabu,
akahesabu kwa mdomo, akaandika kwa mkono,
mdomo ukisema elfu, mkono ukisema mia nane.
Bi Kibibi akainama juu ya ukurasa,
akafuata kwa kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.
Akasema: *Hii ni nane. Nane haijawahi kuwa elfu.*
Dalali akacheka. Yeye hakucheka.
Lori likasimama mpaka magharibi.

Sasa anauza mwenyewe, hana nafasi ya kuja.
Kwa mujibu wa fomu: Ameacha.

Nikachukua rula ileile iliyonipotosha,
nikachora mstari wa penseli pembezoni, palipobaki upenyo,
nikaandika kichwa cha safu, herufi zikibanana:
*Kachukua alichokifuata.*
Nikamwekea alama ya vema. Mmoja.
Usiku ule nikakumbuka wengine, miaka ya nyuma,
niliowazika kwa wino mwekundu
bila kuwauliza walikuwa wanakwenda wapi.

Fomu imerudi. Muhuri wa zambarau:
TUMIA NAKALA ILIYOIDHINISHWA.
Kifutio kimo kwenye droo ya juu.
Sijakigusa. Sijakitupa pia; nina watoto wanasoma.

Simu inalia. Sabina.
Betri ya taa imekufa, wanasoma kwa tochi za simu,
na Mzee Singano amepotelewa na ng'ombe,
anaandika tangazo la kubandika mnadani,
amekwama neno la kwanza:
anauliza kile kikonyo cha ng'
kinakaa juu, au chini?

Juu, nimesema.
Mwambie juu, na asikisahau,
bila hicho hatafutiwi kitu.